Vifuu Ishirini na Saba

Mikate kumi na minane ilikufa Jumatatu
pale njia ya Kangagani inapokatia kushoto.
Boflo za asubuhi, bado zina joto,
zimepangwa tengani nyuma ya baiskeli ya Ngwali.
Nilisikia mlio mdogo, kama mtu kakanyaga majani makavu,
nikafunga breki.
Ngwali alikuwa mtaroni, mzima,
kiatu kimoja mguuni, kimoja chini ya tairi,
ananitazama bila ya kutukana.
Afadhali angetukana.

"Hukuniona?"

Nilitazama kioo. Wallahi nilitazama.
Kioo kilinionyesha lami, mikarafuu, mbuzi wa watu,
wala hakikusema uongo hata mmoja.
Kilinyamaza tu.

Fuso hili naliendesha mwaka wa kumi na moja,
mchanga, matofali, magunia ya karafuu msimu ukifika.
Nalijua mpaka kikohozi chake cha kupandia vilima vya Ole.
Nalijua kwa masikio.
Kwa macho, kumbe, nusu.

Alasiri ile nililisimamisha uwanjani kwangu,
nikazima mashine,
nikakaa kitini kama anayeondoka.
Nikampa Fathiya kapu la vifuu vya nazi.
"Lizunguke gari, mwanangu. Taratibu.
Nikisema sikuoni, weka kifuu."

Akaanza mbele. Miaka tisa,
kichwa hakifiki kwenye kioo.
Akapita chini ya pua ya gari.
"Sikuoni."
Kifuu kikalia: ko.
Akakunja kushoto, mlango wa utingo.
"Sikuoni." Ko.
Akajitenga hatua mbili, tatu, nne,
mtandio wa njano kichwani, anajiimbia,
sauti naipata,
mwenyewe ni hewa.
Nyuma ndiko alikokawia.
Huko vifuu vililia hata nikachoka kusema,
naye akakielewa kimya changu,
akaendelea kuweka.

Niliposhuka, uwanja umechorwa.
Vifuu ishirini na saba, vinywa juu,
vimelizunguka gari
kama watu waliokuja hitimani wakakosa jamvi.
Mama yake akatoka jikoni, mikono ina unga,
akapima kwa macho ule upande wa kushoto:
"Hapa panakaa darasa zima la chuoni,
na mwalimu wao, na bakora yake."
Hakucheka.
Wala mimi.

Sasa najifunza upya, na mvi hizi.
Kabla ya kung'oa gari nalizunguka,
nagonga bodi kwa kiganja, nachungulia uvunguni.
Nikifika kona nainama mbele, narudi nyuma, nainama tena,
shingo kama ya kuku anywaye maji.
Chumu, utingo wangu, hunicheka.
Namwambia, cheka, lakini cheka ukiangalia kushoto.
Indiketa naiwasha mapema, nahesabu mpaka tano,
maana ajaye kwa baiskeli naye ana mkate wake,
ana haraka yake,
na hajui kuwa pale alipo
hayupo.

Ngwali nilimlipa mikate. Cha kiatu alikataa.
Jana tumekutana kona ileile.
Alisimama nyuma kabisa, mbali na tairi,
akanyoosha shingo akiutafuta uso wangu kiooni,
kioo hiki kidogo chenye ufa,
mpaka macho yakagongana.
"Unaniona?"
"Nakuona. Pita."
Akapita, tenga linanukia.

Vifuu havipo tena.
Mama Fathiya alivitia motoni usiku uleule, akachemshia mihogo.
Lakini kila nikitia ufunguo, kabla mashine haijanguruma,
navisikia upande wa kushoto,
ko,
ko,
na kile kimya changu.